MNARA HAUNA DHAMBI: Jibu kwa wanaouharamisha mtandao wakanyamazia riba

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu zangu katika imani, kuna sauti inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp tangu wiki iliyopita. Ni ya ndugu yetu mmoja mhubiri. Jina lake silitaji, na nawaomba na nyinyi msilitaje kwenye maoni hapa chini, kwa sababu sina ugomvi naye, nina ugomvi na maneno yake. Anasema kuenea kwa mtandao wa bei nafuu vijijini ni fitna iliyopangwa. Anasema bando la bei ya chini ni mtego, kwamba Muislamu akitoa kiwanja chake pajengwe mnara anashiriki katika kila uchafu unaopita kwenye mnara ule, na kwamba kampuni yenyewe si ya Waislamu, basi tusiishike mkono. Nimeletewa sauti hiyo na watu tisa. Wote wameniletea kwa mtandao ule ule.

Wengi mmeniuliza: Ustadhi, unasemaje? Nasema hivi, na nitakwenda polepole kwa sababu jambo ni refu. Ukiwa huna muda sasa, soma baada ya Isha.

Kwanza tuelewane tunazungumzia kitu gani. Sisi watu wa Kagerankanda na vijiji vya Kasulu na Kibondo tunajua maana ya kutokuwa na mtandao. Nyinyi mnaonisoma mkiwa Dar es Salaam, Muscat au Mombasa pengine hamjui. Huku mtu alikuwa na simu, ina chaji, ina salio, na bado hana simu. Anapanda kichuguu au kilima, anasimama mahali fulani penye alama, anainua mkono juu kama anayeomba dua ya mvua, apate vijiti viwili. Ukirudi hatua tatu nyuma umepotea. Mawimbi haya hupita njia iliyonyooka, na kilima kikikaa katikati yanakata. Nchi yetu ni ya vilima na mabonde. Kisha mnara unataka umeme, na pasipo na umeme wa gridi unataka jua au jenereta na mafuta yake, na mafuta yanataka barabara, na barabara zetu wakati wa masika mnazijua. Mfanyabiashara akipiga hesabu ya wateja mia chache wanaonunua vocha ya mia tano, anakunja karatasi anakwenda kujenga mjini. Ndiyo maana tulichelewa. Wala haikuwa chuki ya mtu, ni hesabu ya faida.

Na serikali iliijua hesabu hiyo. Ndiyo sababu ikatungwa sheria mwaka 2006 ya kuanzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, kazi yake kutia ruzuku pale ambapo faida peke yake haiwezi kumvuta mwekezaji. Mwaka 2015, mwezi wa Oktoba, ikaingia Halotel, ambayo ni ya Viettel ya Vietnam, kampuni iliyo chini ya jeshi la nchi ile. Wao walikuja na njia tofauti na wenzao waliotangulia: waliahidi kuanza na vijiji ambavyo hakuna aliyevitaka, zaidi ya elfu moja, wakatandaza nyaya za mkongo mikoani na kuuza bei ya chini. Walifanya hivyo Msumbiji kabla ya hapa, na mwaka ule ule wa 2015 wakaanza Burundi kwa jina la Lumitel. Kisha Mei 2023, Dodoma, ikasainiwa mikataba ya minara 758 katika kata 713, kampuni kadhaa za simu kwa pamoja na Mfuko ule. Basi mnapoona chuma kinapanda kwenye kilima cha jirani msidhani kimeshuka usiku kama jini. Kina mkataba, na ndani yake imo kodi yako na yangu.

Nawaambia haya ili ijulikane kwamba mnara una historia inayosomeka, na mtu anayetaka kutoa hukumu ya sheria juu ya kitu, wajibu wake wa kwanza ni kukijua. Wanazuoni wana kanuni: hukumu juu ya jambo ni tawi la kulielewa jambo lenyewe. Ndugu yetu kwenye sauti ile hakutaja hata jina la Mfuko, hakutaja mkataba. Ametaja mashetani.

Sasa twende kwenye hoja zake.

Ameharamisha. Kuharamisha ni jambo zito. Katika vitu vya dunia asili yake ni uhalali mpaka ije dalili ya kukataza, na hii watoto wa madrasa wanaisoma mapema. Anayesema halali katika vitu hivi hadaiwi dalili, anayedaiwa ni anayesema haramu. Na katika Suratun Nahl, aya ya 116, Allah (s.w.) ametukataza ndimi zetu zisiseme kwa uongo kwamba hiki halali na hiki haramu. Dakika zote zile nimesikiliza nikingoja aya moja au hadithi moja. Nimesikia kisa cha binti aliyetoroka na mtu aliyempata kwenye simu. Kisa ni cha kuhuzunisha, lakini kisa si dalili. Chukueni barabara ya lami ya Kabingo, Kasulu mpaka Manyovu. Barabara kama hiyo hupitisha lori la pombe na hupitisha gari la wagonjwa. Je, kuna sheikh aliyepanda mimbari akasema aliyeuza kokoto za barabara ana fungu katika pombe ile? Hakuna. Basi mnara ni barabara ya sauti.

Ama kuhusu kampuni kuwa ya wasio Waislamu. Subhanallah. Mtume (s.a.w.) alipotoka Makka kuhama, akiwa na Abubakar (r.a.), roho zao zikitafutwa, aliyewaongoza njia alikuwa Abdullah bin Urayqit, mtu aliyekuwa bado kwenye dini ya makureshi. Walimkodi kwa ujira, wakamwamini na ngamia wao na siri yao. Imo katika Bukhari. Na Mtume (s.a.w.) alifariki dunia deraya yake ya vita ikiwa rehani kwa Myahudi kwa pishi thelathini za shayiri alizochukua kwa ajili ya watu wa nyumbani kwake. Hiyo nayo imo katika Bukhari. Sasa wewe unayesema tusinunue bando kwa Mvietnam, simu uliyorekodia imetengenezwa na nani? Kanzu uliyovaa imeshonwa wapi? Tusiifanye dini ikawa ngumu pale inapotugharimu wengine na nyepesi pale inapotugharimu sisi.

Hoja ambayo nataka mkae nayo zaidi ni hii, kwa sababu sijaona mtu akiizungumza na kwetu huku ndiyo yenye uzito.

Mtume (s.a.w.) alikataza kitu kinachoitwa *talaqqir rukban*. Maana yake ni kuutoka mji ukaupokea msafara wa watu wanaoleta bidhaa, njiani, kabla hawajafika sokoni. Kwa nini ikatazwe? Mnunuzi ametoa fedha, muuzaji amekubali, kila mmoja kwa ridhaa. Tatizo liko hapa: yule aliyetoka mji anaijua bei ya sokoni, na yule wa msafara haijui. Ridhaa ya mtu asiyejua bei ina kilema. Na katika riwaya ya Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.) imekuja kwamba mwenye mali akishafika sokoni ana hiari. Akiona amepunjwa, anaweza kuivunja biashara ile. Angalieni sheria hii ilivyomhurumia mtu wa mbali! Imempa haki ya kujua bei.

Sasa njoo Kagerankanda. Mnajua wakulima wetu walivyohangaika na ardhi ile na hifadhi ya msitu wa Makere Kusini, miaka na miaka, mpaka serikali ikakubali sehemu yake ilimwe. Mtu anatoka kijijini kwake, anakaa shambani kwenye kibanda miezi, analima mahindi na maharage. Mavuno yakifika, nani anamfikia wa kwanza? Mlanguzi kwenye pikipiki, na nyuma yake lori. Anamwambia: Mzee, bei imeanguka, Kasulu yamejaa, mimi nakusaidia tu. Mzee atajuaje? Hana mtandao. Soko kwake ni maneno ya mtu aliyekuja kumnunulia. Kisha anapimiwa kwa lumbesa, gunia limevishwa kilemba mpaka linashindwa kusimama, na anahesabiwa gunia moja. Hiyo ndiyo talaqqir rukban yenyewe, imevaa kofia ya pikipiki.

Nitoe mfano wa hesabu. Tuseme mlanguzi ametoa shilingi 45,000 kwa gunia na Kasulu mjini linakwenda 60,000. Mwenye magunia 20 amepoteza 300,000, toa nauli. Hiyo ni ada ya mtoto, ni bati za nyumba. Simu ya dakika mbili kwa jamaa yake aliyeko mjini ingemwonyesha. Yaani mtandao ukifika shambani, yule mzee amefika sokoni kabla hajauza. Amepewa na mnara ile hiari ambayo Mtume (s.a.w.) alimpa kwa hadithi. Halafu atoke mhubiri aseme mzee huyu akiushangilia mnara ameshangilia fitna! Mimi nauliza, nani anafaidika mzee akibaki bila mtandao? Mlanguzi. Wallahi mlanguzi angekuwa na akili angeilipia ile sauti isambazwe zaidi.

La pili ni uhai. Wizara ya Afya ina mpango wa m-mama wa kumpeleka hospitali mama mjamzito au aliyejifungua na kichanga kilichopata dharura. Ulizinduliwa kitaifa Aprili 2022. Unapiga 115 bure, haihitaji salio, na wenye kituo wanatafuta gari la wagonjwa au dereva wa kawaida aliyesajiliwa na anayelipwa kwa safari ile. Ni jambo jema, Allah awalipe walioliasisi. Lakini namba ya bure mahali pasipo na mtandao ni maandishi tu ukutani mwa zahanati. Damu haisubiri mtu apande kichuguu. Katika Suratul Maida, aya ya 32, kuokoa nafsi moja kumefanywa sawa na kuwaokoa watu wote. Ndugu mhubiri, kwenye sauti yako mama huyu yuko dakika ya ngapi?

Nina jambo dogo la pembeni, wenzetu wa vijiji vya mpakani, Mabamba na Manyovu, wanaweza kulithibitisha. Mahali ambapo mtandao wa Tanzania ni dhaifu, simu hunasa mtandao wa Burundi, na saa ya Burundi iko nyuma yetu kwa saa moja. Simu ikijirekebisha yenyewe, saa inarudi nyuma. Mtu anaamka kula daku, simu inamwambia ni saa kumi na dakika arobaini, anajitengea ugali kwa raha zake, kumbe ni saa kumi na moja na dakika arobaini na alfajiri imeshaingia. Kwa hiyo kwa baadhi yetu mnara wenye nguvu upande huu wa mpaka unagusa hata saumu. (Na nyie vijana, zimeni ile kazi ya saa kujibadili yenyewe. Mwadhini yupo.)

Naam. Mpaka hapa wengine mtasema Ustadhi amekuwa wakala wa kampuni za simu. Hapana. Sasa nageuka upande wa pili, na huku ndiko sauti ile ilipaswa kuelekea ikaogopa.

Pamoja na mnara umekuja mkopo. Hii ndiyo habari ambayo haisemwi kwenye mimbari. Mtu akishakuwa na laini na akaunti ya pesa ndani yake, menyu inamwambia: unaweza kukopa. Hakuna dhamana, hakuna fomu, hakuna kumwona mtu uso kwa uso. Unabonyeza tu. Unachukua 20,000, unarudisha zaidi kwa jina la ada, na siku zikipita ada inaongezeka. Kila pesa itakayoingia kwenye simu yako inakatwa kwanza kabla hujaiona. Ndugu zangu, fedha kwa fedha, kwa muda, kwa ziada iliyoshurutishwa. Hiyo ni riba. Haihitaji mufti. Ukiiita ada ya huduma, ada ya uchakataji, ada ya kuchelewa, jina halibadilishi kitu, kama vile nguruwe akipewa jina la mbuzi. Soma mwisho wa Suratul Baqara, kuanzia aya ya 275. Uone riba ilivyotajwa, na uone katika aya ya 280 mwenye deni aliyebanwa anavyotakiwa apewe muda mpaka apate wepesi. Sheria ya Allah inamwongezea muda, mkopo wa simu unamwongezea deni.

Na bado hizo ni za waliosajiliwa. Kuna zile programu za mikopo ambazo wananchi wenyewe wamezipa jina la kausha damu. Unaipakua, unairuhusu isome namba zote za watu wako, ukichelewa siku mbili wanampigia mkweo. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu na majukwaa 69 ya namna hiyo yanayokopesha bila leseni. Sitini na tisa! Lakini serikali inashughulika na leseni. Sisi tunashughulika na riba, na riba yenye leseni ni riba.

Hapa nifafanue, maana najua mtaniuliza na nisipofafanua watu watachanganya mambo.

Makato ya kutuma na kutoa pesa kwa wakala si riba. Huo ni ujira wa kazi: amekubebea fedha yako kutoka Kasulu mpaka Mwanza bila wewe kupanda basi. Unaweza kulalamika ni makubwa, na watu walilalamika sana tozo ya serikali ilipoanza Julai 2021, lakini malalamiko ya ughali ni mlango mwingine.

Kukopa salio la kupigia, unachukua la 1,000 unakatwa 1,100 kwa mfano, hapa wanazuoni wa zama hizi wamekhitilafiana. Kuna wanaosema ni mkopo wenye ziada, na ule msemo kwamba kila mkopo unaovuta manufaa ni riba unaingia. Msemo huo, kwa faida ya wanafunzi, sanadi yake kwa Mtume (s.a.w.) ni dhaifu. Ibn Hajar ameutaja katika Bulughul Maram na akaonyesha udhaifu wake. Lakini maana yake wanazuoni wameikubali pale manufaa yanaposhurutishwa. Wengine wanasema salio si fedha, ni huduma ya kuongea, na kuuza huduma kwa bei ya kulipa baadaye iliyo juu kuliko ya taslimu inafaa, kwa sharti bei ijulikane na isiongezeke ukichelewa. Mimi naegemea kuliacha, kwa sababu kampuni zenyewe zinaliita mkopo, na kuliacha ni salama zaidi kwa dini ya mtu. Ila simwiti mla riba ndugu yangu aliyekopa salio la kumpigia mama yake mgonjwa. Mkopo wa fedha taslimu kwenye simu ndio ambao sina neno la kuulainisha.

Bando linalokufa saa sita usiku nalo mmeniuliza mara nyingi. Je, kampuni imekula mali ya mtu kwa batili, ile ya Suratun Nisaa aya ya 29? Jibu langu si lile mnalolitaka. Ukikodi chumba mwezi mmoja ukasafiri siku ishirini, mwenye nyumba hadaiwi. Umeuziwa manufaa kwa muda maalumu. Bando ni hivyo hivyo, muda ukitajwa wazi na kiasi kikatajwa wazi. Kinachoharibu ni kuficha. Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono kwenye lundo la nafaka sokoni akakuta chini limeloa, akamkemea mwenyewe kwa nini hakuweka iliyoloa juu watu waione. Basi tangazo linalosema “bila kikomo” kwa herufi kubwa, na kikomo kimeandikwa chini kwa herufi za sisimizi, ni nafaka iliyoloa. Mtakumbuka 2 Aprili 2021, kanuni mpya za vifurushi zilipoanza kutumika, watu waliamka bando limepanda bei mpaka serikali ikasitisha bei zile. Lakini ndani ya kanuni zile za TCRA kulikuwa na mambo ya haki: uarifiwe bando likifika asilimia 75 na likifika 100, uweze kumhamishia mwenzako, uwepo uchaguzi wa bando lisilo na muda. Watu walipiga kelele za bei, haki hizi hawakuzisoma. Zisomeni mzidai. Kudai haki yako kwa muuzaji hakupunguzi tawakkul.

Kubeti sitazungumza kwa urefu, kwa sababu hakuna mwenye shaka. Ni kamari ile ile ya Suratul Maida aya ya 90. Mtandao wa bei nafuu umemletea kijana wa shambani mkeka mpaka kitandani. Mkeka wa msikitini hajaukalia tangu Idi.

Lipo lingine ambalo kwetu Kigoma ni kidonda, nalo ni laini zisizo za wenyewe. Usajili wa alama za vidole ulipofika mwisho, 20 Januari 2020, laini zisizosajiliwa zilianza kuzimwa. Kusajili kunataka namba ya NIDA, na sisi wa mkoa wa mpakani mnajua maswali tunayoulizwa: babu yako alizaliwa wapi, mbona unaongea hivi. Kuna Muha wa baba na babu hana namba mpaka leo. Basi anatumia laini iliyosajiliwa kwa jina la jirani, la mpwa, la mwajiri. Pesa ya mavuno yote inaingia mle. Kisheria ni ya nani? Ya mwenye jina. Kwa Allah ni ya nani? Ya aliyelima. Sasa mkulima akifa? Warithi hawana namba ya siri, hawana jina, na mwenye laini kimya. Mtandao unavyozidi kuenea, tutaona mirathi za namna hii zikiongezeka. Kwa hiyo wewe ambaye jina lako limebeba laini ya mtu, umebeba amana, na ukinyamaza mwenyewe akifa umekula mali ya yatima. Na wewe unayetumia laini ya mwenzako, andika leo: laini namba fulani ni yangu, pesa iliyomo ni yangu, mashahidi wawili. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Baqara 282, inahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi. Allah ameona karatasi ni muhimu, wewe unaona aibu kumwambia jirani atie saini?

Ndugu mhubiri, haya ndiyo yanayopita kwenye mnara. Umeona picha chafu tu. Nakubali zipo, na zinaharibu, sikatai hata kidogo. Lakini baba aliyemnunulia mtoto wa miaka kumi na mbili simu janja, akamwacha nayo chumbani mpaka saa saba usiku, ukimwambia kosa ni la mnara umemfurahisha sana. Umemtoa katika dhima yake. Kesho atakuja kukusikiliza tena, na mtoto yuko chumbani bado.

Na sasa swali kwetu sote wenye misikiti. Mtu anakopa 20,000 kwenye simu kwa riba kwa nini? Kwa sababu ana shida usiku, na hajui mlango wa kugonga. Misikiti mingi ninayoijua ina mchango wa zulia, mchango wa rangi, mchango wa spika kubwa kuliko za jirani. Sanduku la qardhun hasan, mkopo mwema usio na ziada, liko wapi? Halihitaji mamilioni. Watu thelathini wakitoa 10,000 kila mmoja ni 300,000, hiyo ni mikopo kumi na tano ya 20,000, inazunguka, inarudi, inatoka tena. Na uzuri wake ni kwamba mnara ule ule unaolaaniwa ndio utakaoliendesha: mweka hazina anatuma kwa simu, mkopaji anarudisha kwa simu, ujumbe unabaki kama ushahidi. Kampuni imeweka mkopo kwenye kiganja cha Muislamu kwa dakika moja. Sisi tukimwambia ni haramu bila kumwekea badala, tumesema kweli na tumemwacha na njaa yake.

Kuhusu viwanja. Ukifuatwa na watu wa mnara, kukodisha ardhi yako ni ijara ya halali. Soma mkataba mpaka mwisho, miaka mingapi, kodi inapanda lini, nani anafidia ukiuvunja. Usitie dole gumba kwenye usichokisoma. Ikiwa ardhi ni waqfu wa msikiti, haiuzwi, na kukodishwa kwake kuwe kwa maslahi ya waqfu na kwa kauli ya wasimamizi wote, si imamu peke yake wala mwenyekiti peke yake.

Aliyerekodi ile sauti namwomba jambo moja. Alete aya au hadithi au kauli ya imamu yeyote katika maimamu wanne inayouharamisha mnara, nitaiweka hapa hapa kwenye ukurasa huu kwa jina lake watu waisome. Na kama hana, basi arekodi nyingine ya urefu ule ule kuhusu mkopo wa simu, mimi nitakuwa wa kwanza kuisambaza.

Darsa ya Jumamosi baada ya Alasiri ni aya ya 282. Walioandika karatasi za laini waje nazo tuzisome pamoja, na mashahidi wao. Simu njooni nazo, ila zizimwe sauti mlangoni.

Wallahu aalam.